Simba Aliyekataa Daraja

Simba akitaka kufika Namuwongo, mtaa wa Kampala, leo, ana safari ya kuvunja miguu. Kutoka Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls ni kama kilomita 300 za barabara. Kutoka Queen Elizabeth, magharibi ya Uganda, ni karibu 400. Kutoka Kidepo, kule mpakani na Sudan Kusini, ni zaidi ya 500. Njiani kuna mashamba, miji midogo isiyolala, malori ya kwenda Juba na Kongo, na mamilioni ya watu. Akifika, atakuta mtaa uliobanwa: upande mmoja kilima cha Muyenga chenye majumba ya mageti ya chuma, upande wa pili viwanda, na katikati reli iendayo Port Bell pamoja na mfereji wa Nakivubo unaopeleka maji machafu ya jiji ziwani. Vibanda vimesimama hatua chache tu kutoka kwenye mataruma. Kiumbe mkubwa wa porini anayeonekana hapo kila siku ni kalooli, yule ndege mrefu mwenye upara anayepekua majalala.

Kwa mkazi wa Namuwongo, basi, simba wa mtaani ni simba wa kwenye simu. Video iliyopigwa Ongata Rongai, pembezoni mwa Nairobi, haihitaji pasipoti kuvuka Busia, na ikishavuka ni rahisi mtu kuibandika jina la mtaa mwingine. Lakini huko ilikotoka, Nairobi, mambo hayo hutokea kweli, na kwa mpangilio unaojirudia kiasi kwamba mtu akisoma matukio ya mwaka mmoja tu anaelewa mengine yote.

Mwaka wenyewe ni 2016. Februari 19, wakazi wa Lang'ata na Kibera waliamka na tangazo la Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, kwamba simba wametoka katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Watu waliombwa wasiwakabili, wapige simu. Simba hao walirudi bila kumdhuru mtu. Machi 18 mwingine alitokea Barabara ya Mombasa asubuhi, saa ya watu kwenda kazini, barabara ile ya malori na foleni zisizokwisha. Madereva walipiga honi, wengine wakatoa simu kupiga picha. Katika vurugu hiyo mzee wa miaka 63 alijeruhiwa kabla mnyama hajarudishwa hifadhini.

Kisha ikafika Machi 30, siku ya Mohawk.

Mohawk alikuwa dume wa miaka 13, mwenye manyoya meusi ya shingoni yaliyompa jina, na waongoza watalii walimjua kama mtu anavyomjua jirani. Alionekana Isinya, kaunti ya Kajiado, mbali kusini mwa hifadhi. Habari zilienea, watu wakaja kwa miguu na kwa pikipiki, umati ukakua. Simba akazingirwa. Mwendesha bodaboda mmoja akajeruhiwa, na askari wa KWS wakampiga simba risasi akafa. Hasira iliyofuata mitandaoni ilikuwa kubwa, nchini Kenya na nje: kwa nini hawakumlaza kwa dawa? Jibu la shirika lilikuwa la kawaida kwa aliyewahi kungoja ambulansi: waliofika kwanza walikuwa na bunduki, wenye sindano ya usingizi walikuwa bado njiani. Siku chache baadaye simba mwingine wa hifadhi hiyo, Lemek, alikutwa amekufa kwa jeraha la mkuki.

Sindano ya usingizi inastahili maelezo kidogo, maana filamu zimetudanganya. Daktari wa wanyamapori hupiga mshale wa dawa akiwa karibu, makumi machache ya mita, na lazima kwanza akadirie uzito wa mnyama. Dawa ikiingia, simba haanguki papo hapo. Huchukua dakika kadhaa, pengine kumi au zaidi, na mnyama aliyepandwa na hofu huchelewa zaidi kulala. Katika dakika hizo anaweza kukimbia, kuingia uani kwa mtu, au kumrukia aliye karibu. Kazi hiyo inataka nafasi na utulivu, na umati wa Isinya ulikuwa umechukua vyote viwili. Mtu anaweza kuilaumu KWS kwa kuchelewa, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini hata daktari angefika mapema, angepigia wapi mshale, katikati ya watu wenye mawe na simu mikononi?

Kwa nini simba wa Nairobi wanatoka? Ramani inajibu nusu ya swali. Hifadhi ilifunguliwa Desemba 1946, ina kilomita za mraba 117, na imezungushiwa uzio pande tatu zinazotazama jiji. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, uliachwa wazi makusudi ili nyumbu na pundamilia waende na kurudi tambarare za Athi na Kapiti. Mvua zikinyesha, nyasi ndani ya hifadhi hurefuka, wanyama walao majani huhamia uwanda wenye nyasi fupi, na simba huwafuata. Zamani walikuta huko mifugo ya Wamaasai na nafasi tele. Siku hizi wanakuta Kitengela, Tuala na Rongai: viwanja vya robo eka, kuta za mawe, ghorofa za kupangisha, na ng'ombe wa gredi zizini. Ongeza barabara ya Southern Bypass na reli mpya ya SGR, iliyopitishwa juu ya nguzo katikati ya hifadhi, na si ajabu dume kijana aliyefukuzwa na wakubwa wake akajikuta amekosea njia.

Mfugaji wa pembezoni naye ana hesabu yake. Juni 2012, simba sita waliuawa kwa mikuki Ilmasin, Kitengela, baada ya kuua mbuzi usiku. Askari wa wanyamapori walikuwepo. Hawakuweza kuwazuia watu waliokuwa wamechoka. Ni eneo hilohilo alikokulia Richard Turere, kijana wa Kimaasai ambaye akiwa na miaka 9 hivi alipewa kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake. Alijaribu moto, ukawaonyesha simba zizi lilipo. Akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza waliiogopa, wa pili wakagundua haisogei. Kilichomsaidia ni tochi: aligundua kwamba alipozunguka zizini nayo, simba hawakuja. Basi akachukua betri ya gari, paneli ya jua, balbu za tochi na kile kifaa cha indiketa ya pikipiki kinachofanya taa iwake na kuzima, akazifunga kuzunguka zizi zikimweka kwa zamu kana kwamba mtu anatembea. Mwaka 2013 alisimama jukwaani Marekani, kwenye mkutano wa TED, akaieleza kazi yake. Taa za namna hiyo sasa zinatumika katika maboma mengi ya Kenya na nje yake.

Si kila hadithi ya pembezoni huishia kwenye mbuzi. Desemba 2019 mtu mmoja aliuawa na simba upande wa Tuala. Jumamosi ya Aprili 19, 2025, msichana wa miaka 14 alichukuliwa na simba jike kutoka kwenye makazi ndani ya shamba la mifugo linalopakana na hifadhi. Askari walifuata alama za damu hadi mto Mbagathi, wakaukuta mwili. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inaweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo. Wakazi wa huko wamelalamika kwa miaka kwamba malipo huchelewa.

Tanzania ndiko elimu ya hatari hii ilikopatikana kwa gharama kubwa zaidi. Watafiti waliokuwa na Craig Packer, mtaalamu wa simba wa Serengeti, walihesabu watu zaidi ya 563 waliouawa na simba nchini humo kati ya 1990 na 2004, wengi wao katika mikoa ya kusini kama Lindi na Mtwara. Sababu waliyoikuta haikuwa ya kishujaa hata kidogo: nguruwe mwitu. Nguruwe huingia shambani usiku kula mahindi na mpunga, mkulima analala kwenye dungu ili awafukuze, simba anakuja kuwatafuta nguruwe na kumkuta mkulima. Simba wa Rufiji aliyepewa jina la Osama, ambaye kati ya 2002 na 2004 alihusishwa na vifo vya watu wapatao 35, alipouawa alikutwa na jipu kubwa chini ya jino.

Utafiti uliofuata, mwaka 2011, uliangalia mwezi. Mashambulizi mengi yalitokea saa za mwanzo za usiku katika siku zinazofuata mwezi mpevu, pale mwezi unapochelewa kuchomoza na giza linaingia watu wakiwa bado nje: wanapika, wanachota maji, wanarudi kutoka kilabuni. Simba aliyewinda kwa shida kwenye mbalamwezi ana njaa, na giza limemrudia. Bibi wa Lindi anayewaita wajukuu ndani mapema katika siku hizo hakuhitaji kusoma jarida la sayansi.

Chui ni habari nyingine kabisa. Simba akiingia mtaani, mtaa mzima unajua. Chui anaweza kuishi mtaani na asijulikane. Mfano unaotajwa kila mara ni Mumbai, jiji la watu wapatao milioni 20 lililoizunguka Hifadhi ya Sanjay Gandhi, yenye kilomita za mraba 104 tu. Kamera za kutegeshwa zilihesabu chui 35 huko mwaka 2015. Chakula chao kikubwa ni mbwa wazururaji, nao mbwa hao hula takataka za jiji. Kundi la watafiti lilikadiria mwaka 2018 kwamba kwa kula mbwa, chui wa Mumbai huwaepusha watu na mamia ya kuumwa na mbwa kila mwaka katika nchi yenye kichaa cha mbwa. Jambo jingine walilojifunza Wahindi ni kwamba kumkamata chui na kumtupa mbali huharibu zaidi: huko Junnar, baada ya chui kuhamishwa kwa wingi, mashambulizi dhidi ya watu yalipanda kutoka wastani wa manne kwa mwaka hadi 17. Chui mgeni, asiyejua pori wala njia za watu, ni hatari kuliko mwenyeji.

Namuwongo ina takataka, na ina mbwa. Ina pia kinamasi, kile kinachopokea mfereji wa Nakivubo kabla haujamwaga maji yake katika ghuba ya Murchison, ingawa sehemu kubwa imegeuzwa mashamba ya magimbi na miwa. Kitu chenye madoadoa kikikatiza gizani mahali pa namna hiyo, dau la busara ni kanu, anayeweza kuishi darini mwa watu bila kualikwa, au kwa bahati kubwa mondo, paka mwenye miguu mirefu na masikio makubwa anayependa majani ya majimaji. Wote wawili wana madoa, na wote wawili usiku huongezeka urefu. Asiyeamini kwamba macho hudanganya na aulize polisi wa Berlin. Julai 2023 mtu alipiga video ya mnyama vichakani kitongojini Kleinmachnow. Polisi zaidi ya mia moja, helikopta na magari ya kivita walimsaka simba jike kwa zaidi ya siku nzima. Wataalamu walipoiangalia video vizuri walisema ni nguruwe mwitu.

Mara nyingine mnyama ni wa kweli na ana mwenyewe. Januari 2022, huko Kuwait, mwanamke alirekodiwa usiku barabarani amembeba mikononi simba mchanga aliyetoroka nyumbani, anafurukuta kama mtoto asiyetaka kulala. Falme za Kiarabu zilipitisha sheria mwaka 2016 kuwazuia watu binafsi kufuga wanyama wa aina hiyo. Unguja wao walikuwa na jibu la zamani zaidi: chui akionekana karibu na nyumba, watu waliuliza ni wa nani, kwa imani kwamba wachawi hufuga chui na kuwatuma. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kulikuwa na kampeni ya kuwasaka wachawi na chui wao pamoja. Chui wa Unguja anahesabiwa na wataalamu wengi kuwa ametoweka.

Sasa turudi Uganda, maana huko simba na watu wanaishi pamoja kwa karibu kuliko Nairobi. Ndani ya Queen Elizabeth kuna vijiji vya wavuvi kama Hamukungu, Katunguru na Kasenyi. Hapo mtu anaweza kusikia simba akiwa kitandani, na ng'ombe wanachungwa mahali simba wanapopita. Mei 2018, Mweya, makao ya wafanyakazi wa hifadhi, chui alimchukua mtoto wa miaka 3 wa askari wa wanyamapori usiku, nje ya nyumba. Ni makazi yenye watu wanaojua wanyama kuliko raia yeyote wa Kampala, na bado giza la hatua chache kutoka jikoni lilitosha.

Ni katika hifadhi hiyo simba mmoja alitoa ushahidi mzuri kuhusu namna wenzake wanavyotuona. Anaitwa Jacob. Ana miguu mitatu, maana wa nne aliupoteza kwenye mtego wa majangili mwaka 2020. Usiku wa Februari 1, 2024, yeye na ndugu yake Tibu walikuwa ukingoni mwa mfereji asilia wa Kazinga, unaounganisha ziwa Edward na ziwa George, mahali palipojaa viboko na mamba. Saa chache kabla walikuwa wameshindwa kwenye mapigano na madume wengine. Droni yenye kamera ya kuhisi joto, iliyorushwa na timu ya Alexander Braczkowski, ambaye pia alikuwa miongoni mwa waliochunguza chui wa Mumbai, iliwaonyesha wakiingia majini, wakirudi, wakiingia tena, wakirudi. Hatimaye walivuka, zaidi ya kilomita moja gizani, mmoja wao akipiga maji kwa miguu mitatu.

Daraja lilikuwepo. Ni lile la Katunguru, kwenye barabara ya Mbarara na Kasese, lenye magari na watu. Watafiti wanadhani ni watu hao waliowafanya ndugu wawili wachague mamba.

Tafsiri hiyo inabadilisha picha nzima ya simba wa Isinya na wa Barabara ya Mombasa. Mnyama anayekwepa daraja kwa sababu ya binadamu haji mtaani kwa ujasiri. Amefika kwa sababu njia nyingine zimefungwa, na akijikuta amezungukwa na watu mia tano wanaopiga kelele, yuko mahali alipokuwa akipakwepa maisha yake yote. Watu wanaokimbilia kumtazama wanadhani wanamfukuza. Wakifunga pande zote nne, hana pa kufukuziwa.

Kilichowasukuma Jacob na Tibu majini, kwa maelezo ya watafiti haohao, ni majike. Queen Elizabeth ilikadiriwa kuwa na simba 71 mwaka 2018. Hesabu ya miaka mitano baadaye ilipata 39. Murchison Falls wapo kama 240, Kidepo 12 tu. Na kati ya wale wa Queen Elizabeth uwiano umepinduka: madume ni kama wawili kwa kila jike, wakati kawaida ya simba ni majike wawili au zaidi kwa dume mmoja.

Majike wamekwenda wapi? Baadhi ya jibu liko kwenye mizoga yenye sumu, ile dawa ya wadudu ya shambani ambayo mfugaji hupaka nyama ya ng'ombe aliyeuawa usiku. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 iliweka fidia kwa anayejeruhiwa, kuuawa au kuharibiwa mali na wanyama wakali nje ya hifadhi, na asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi hurudi kwa wilaya jirani. Sumu hupatikana haraka kuliko vyote hivyo. Machi 2021, huko Ishasha, simba sita walikutwa wamekufa, vichwa na makucha yamekatwa, tai wamelala kando yao. Miaka mitatu kabla, Aprili 2018, karibu na Hamukungu walikufa 11 kwa mpigo. Watatu walikuwa majike wazima na wanane watoto wao. Hakukuwa na dume mzima hata mmoja.